Jina Linalosubiri Chupa ya Pili

Jumamosi, 30 Mei 2015

Binti! Kilo tatu na robo! Kazaliwa hospitalini Kabanga, saa kumi na mbili asubuhi. Mama mzima, mtoto mzima. Nesi kasema mtoto ana mapaja mazito. Nikamwambia hayo ni mapaja ya kupandia milima. Hakuelewa. Simlaumu, huenda hafuatilii baiskeli.

Mapaja kama yale yanadai jina moja tu. Niyitegeka.

Niandike vizuri, ili hata atakayesoma daftari hili miaka hamsini ijayo aelewe. Niyitegeka ni mtu wa Makere. Alikuwa anabeba mihogo kwa baiskeli, magunia matatu kwa mpigo, anapanda vilima vyetu akiwa ameketi kwenye tandiko. Wenzake wote walishuka wakasukuma. Aliyemwona ni nani? Mimi, Ridhiwani, muuza vipuri vya baiskeli, soko la Kasulu. Aliyempa mnyororo mpya, bure kabisa, akamwambia aende Mwanza kushindana? Mimi. Leo anaendesha kwa kulipwa huko Ulaya. Mwezi uliopita kashinda siku ya milima ya mashindano ya huko, peke yake, hakuna mtu mbele, hakuna mtu nyuma. Ushindi ule ulianzia kwenye rafu ya pili ya duka langu.

Mwaka 2012 kulitokea tatizo dogo. Mkojo. Walisema una dawa za kuongeza nguvu, wakamfungia miaka miwili. Mwanangu wa kwanza alikuwa na siku kumi na moja, na aliitwa Niyitegeka. Mama mkwe wangu, Bi Zaitun, alipanda basi kutoka Ujiji siku ileile, akambadilisha jina, akawa Hamis. Sawa. Kwa hiyo jina lilirudi stoo likiwa jipya, halijatumika hata wiki mbili.

Bi Zaitun yuko hapa tena. Kauliza kama mtoto wa kike ataitwa Niyitegeka. Nikamjibu kwa adabu, macho nimeyaelekeza ukutani, kwamba jina la Kiha la namna hii halina suruali wala sketi.

Mke wangu Mwamvua katoa sharti akiwa amelala kitandani. Akika ni Ijumaa. Kama mpaka mbuzi anachinjwa hakijasikika kitu chochote cha dawa kuhusu mtu wangu, jina ni langu. Kikisikika, Bi Zaitun ndiye atakayetoa jina. Nimekubali haraka kabla hajapata usingizi akabadili mawazo. Siku sita tu! Mtu gani atashindwa kuwa msafi kwa siku sita?

Jumapili, 31 Mei 2015

Leo nimeutangazia Umoja wa Washabiki wa Niyitegeka. Wanachama kumi na wawili, fulana za kijani, mwenyekiti mimi tangu 2011, sijawahi kupata mpinzani. Wote wamenipa mkono. Mwalimu Abdalah, katibu wetu, kasema ni heshima kwa Kasulu nzima. Nikakubaliana naye.

Felisiani kaharibu. Felisiani ni fundi baiskeli, banda lake linatazamana na duka langu, kwao Kibondo. Naye ana mwendeshaji wake, kijana wa Kitahana, hukohuko Kibondo, ambaye kila mashindano anamaliza wa arobaini. Felisiani kauliza mbele za watu kama mtoto naye atapimwa mkojo.

Walicheka. Hata wanachama wawili wa fulana za kijani walicheka, nimewaona.

Nikamwambia mtu wake hana haja ya kupimwa, maana hakuna dawa inayomfanya mtu awe wa arobaini. Nikaondoka hapohapo, kabla hajapata jibu. Nilitembea vizuri sana mpaka kona ya msikiti. Baada ya kona nikakumbuka nimeacha duka wazi, nikarudi kwa njia ya nyuma.

Jumatatu, 1 Juni 2015

Siku mbaya.

Kila Jumatatu tunamngoja Félicité. Ni Mkongo wa kambini Nyarugusu, huja mjini kwa kibali kuuza vitenge, na simu yake inaleta habari za Kifaransa. Anakaa kwenye benchi langu, anasoma habari za baiskeli, anatufasiria. Leo alikuja taratibu, hajatua mzigo. Nilipomwona tu nikajua.

“Papa Hamisi,” kasema, “iko mubaya.”

Kasoma. Niyitegeka, sampuli ya kwanza, imekutwa na dawa ya kuongeza damu. Ni mara ya pili. Timu imemsimamisha. Wanasema kosa la pili adhabu yake ni miaka minane.

Nilimwomba afasiri tena, polepole. Ikawa vilevile. Nikamwomba afasiri kwa huruma. Kasema Kifaransa cha sehemu ile hakina huruma. Nikauliza kama Ulaya hakuna Niyitegeka mwingine. Hakuna.

Lakini kuna chupa ya pili! Félicité ndiye aliyeisoma, chini kabisa. Mkojo hugawanywa katika chupa mbili siku ileile ya kupimwa. Ya kwanza ikikutwa na kitu, ya pili hufunguliwa kuhakikisha. Kabla haijafunguliwa, mtu hajahukumiwa. Itafunguliwa Alhamisi. Akika Ijumaa. Kuna nafasi!

Nilikimbia nyumbani kumweleza Mwamvua kabla hajaelezwa na wengine. Nilimwambia sheria za dunia nzima zinasema tungoje chupa ya pili. Halafu nikampa hoja yangu kubwa. Kwamba yeye mwenyewe, mwezi wa tatu mwaka huu, alipewa vidonge vya kuongeza damu kliniki. Kila mama mjamzito Kasulu amevimeza. Mbona hakufungiwa mtu?

Mwamvua kasema yeye hakuwa anashindana na mtu.

Hata hivyo kakubali chupa ya pili. Kasema ni haki yake yule kaka. Mke wangu ni mtu wa haki, na hilo ndilo linalonipa shida naye.

Jioni nilipofunga duka nimekuta Felisiani ametundika chupa mbili za soda mbele ya banda lake. Moja tupu. Ya pili imejaa, ina kinywaji cha njano.

Jumanne, 2 Juni 2015

Mbinu ya kwanza: kusogeza akika mbele. Nimekwenda kwa Sheikh Shamsi baada ya swala ya alfajiri. Nikamwomba mbuzi achinjwe kesho, Jumatano. Kauliza sababu. Nikasema naogopa mvua. Sheikh kaangalia nje. Juni! Vumbi limefunika hata majani ya migomba. Kasema siku ya saba ni siku ya saba, na nisisahau kuleta mchele.

Mbinu ya pili: redio ya Bi Zaitun. Analala nayo, anaamka nayo. Nimeichomoa betri nikasema nazihitaji kwa tochi ya dukani. Hakulalamika. Kachukua kigoda chake, kavuka barabara, kakaa kwa Felisiani kusikiliza yake. Kwa hiyo sasa anasikia taarifa ya habari na maelezo ya Felisiani juu yake. Saa sita nimemrudishia betri. Kasema asante, lakini kule kuna kivuli kizuri.

Saa kumi kikao cha dharura cha Umoja, nyuma ya kibanda cha video. Wamekuja kumi na mmoja.

Mwalimu Abdalah alitaka tutoe tamko kwamba tumeshtushwa. Mmoja akasema asishtuke kwa niaba yake, yeye alijua tangu 2012. Nikamuuliza mbona alivaa fulana. Kasema ni fulana nzuri. Mwingine akasema wote huko Ulaya wanatumia, kwa hiyo wa kwetu ni bora kati ya wanaotumia. Hiyo hoja nimeipenda, nimeiandika pembeni. Mwingine akasimama, akaweka fulana yake mezani, imefuliwa, imekunjwa. Wengine watatu wakamfuata, za kwao hazikufuliwa.

Nilikuwa na hotuba tayari. Hoja saba. Ndipo Esteri akaomba nafasi.

Esteri anauza mahindi ya kuchemsha stendi. Ni mwanamke pekee katika Umoja na hajawahi kusema lolote kikaoni. Mwaka jana, Niyitegeka alipomaliza kifungo chake cha kwanza, alikuja nyumbani akaendesha kutoka Makere mpaka hapa, barabara imejaa watu. Esteri alikimbia naye kilima kizima akiwa na jagi la maji. Viatu vilimtoka, hakusimama kuviokota.

“Mimi nilimpa maji,” kasema. “Kumbe maji yangu hayakumtosha.”

Kakaa. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Nilifungua karatasi yangu ya hotuba nikaitazama. Hoja zote saba zilikuwa pale, hakuna hata moja iliyomjibu Esteri. Nikafunga kikao. Nimeumia leo, niseme ukweli. Nimeumia na sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 3 Juni 2015

Nimemwona!

Asubuhi dereva wa lori la maharage kaniambia Niyitegeka yuko Makere kwa mama yake, kaingia juzi kimyakimya. Nikafunga duka. Nikachukua baiskeli. Nikavaa fulana ya kijani, na juu yake shati, kwa usalama.

Vile vilima! Nimevisukuma vyote. Kuna mzee alinipita kapakia mkungu wa ndizi na mbuzi, akanipa pole. Nikamwambia napumzisha mnyororo. Nimefika saa saba mchana, mdomo umejaa vumbi.

Nimemkuta nyuma ya nyumba anapura maharage na mama yake. Fimbo mkononi, anapiga maganda kwenye turubai, kama kijana yeyote wa Makere mwezi wa sita. Kakonda uso. Miguu ni ileile, Mungu akipenda kuumba anaumba. Mama yake kanipokea vizuri, kanipigia makofi ya salamu kama wazee wetu wanavyofanya, kaniletea kiti na maji. Halafu akaingia ndani akatuacha.

Nikaanza hotuba. Nikamwambia Umoja wote uko nyuma yake (tumebaki wanane, sikutaja idadi). Nikamwambia maabara hukosea. Nikamweleza habari za vidonge vya kliniki. Nikamwambia binti yangu kazaliwa Jumamosi, ana mapaja ya milima, na jina lake ni Niyitegeka, linangoja chupa ya pili tu.

Akaacha kupiga maharage.

“Kaka Ridhi, nilitumia,” kasema.

Nikamwambia asiseme haraka, chupa ya pili ni kesho.

“Chupa ya pili itasema hivyohivyo. Na mara ile ya kwanza, mwaka ule, nilitumia pia. Usimpe mtoto jina langu.”

Kasema aliporudi baada ya kile kifungo aliapa hatagusa. Akaendesha miezi mitano akiwa msafi, akawa anamaliza wa sitini, wa sabini. Kila akipiga simu nyumbani anaulizwa lini atashinda. Kasema hata mimi nilimuuliza. Ni kweli, nilimuuliza. Nilimpigia mara nne kwa mwezi mmoja. Alikuwa anaogopa kurudi huku kama mtu wa sabini akabebe tena mihogo.

Nikachukua fimbo nyingine nikamsaidia kupura. Tulipiga maharage karibu saa nzima. Nilipotaka kuondoka kakagua tairi langu la nyuma, kaona limelegea, kalijaza upepo mwenyewe kwa pampu yake. Bingwa wa milima, kajaza tairi langu!

Njiani nilikuwa na huzuni mpaka karibu nusu ya safari. Ndipo nikaanza kufikiri vizuri. Ulaya nzima, waandishi wote, madaktari wote, wanangoja kesho. Mimi nimejua leo! Tena kwa mdomo wake! Mwenyekiti gani wa washabiki duniani kaambiwa na mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya maabara? Nilisimamisha baiskeli nikacheka peke yangu.

Na hilo la kukataa jina. Unyenyekevu ulioje! Mwingine angedai mapacha. Mtu anayekataa kupewa heshima ndiye anayeistahili, hilo liko wazi kabisa. Sasa nina sababu zaidi ya zile za Jumamosi.

Mwamvua kaniuliza nimemkutaje. Nimesema anapura maharage. Ni kweli tupu. Kanitazama muda mrefu, kisha kaendelea kunyonyesha.

Alhamisi, 4 Juni 2015

Nimeamka na mbinu safi. Sharti la Mwamvua linahusu kitakachosikika. Halisemi chochote kuhusu kilichoandikwa. Na kadi ya kliniki ya mtoto bado haina jina, nafasi iko wazi pale juu. Kitu kikishaingia kwa wino kwenye kadi, kimekuwa cha serikali. Nani atabishana na serikali?

Saa mbili, Mwamvua akiwa uani anaota jua, nimeitoa kadi kwenye mfuko wake wa plastiki. Nimeandika kwa herufi kubwa, kwa kalamu ya bluu, mkono umetulia. NIYITEGEKA. Nimeipuliza ikauke. Jinsi ilivyopendeza! Nilibaki nikiitazama mpaka Bi Zaitun akakohoa sebuleni.

Saa tisa alasiri Félicité kaja. Leo si siku yake, kaomba kibali kwa ajili yetu tu. Watu wakajaa mbele ya duka, wa kijani na wasio wa kijani. Kasoma sentensi moja. Chupa ya pili imekutwa na dawa ileile.

Nilikuwa najua tangu jana, na bado nikamwomba asome tena. Kumbe nilikuwa natumaini! Mimi mwenyewe sikujua.

Esteri kageuka kaenda zake stendi. Mwalimu Abdalah kavua miwani akaifuta. Félicité kanishika bega, kasema pole papa, mutoto iko muzima, hiyo ndiyo kubwa. Felisiani hakucheka. Hilo limeniuma kuliko yote. Baadaye kidogo akacheka, nikapata nafuu.

Sasa kadi. Sharti ni sharti, jina limekwenda kwa Bi Zaitun, na kesho kadi itatolewa mbele ya sheikh ili jina liandikwe. Nikachukua wembe mpya. Wino ukikwanguliwa taratibu unatoka, kila mtu aliyesoma shule anajua. N imetoka vizuri. I imetoka. Kwenye Y karatasi ikaanza kuwa laini. Nikabadili pembe ya wembe. Nilipofika kwenye K nikawa naona goti langu upande wa pili.

Nimeirudisha kwenye mfuko, nimeikunja ili tundu liingie kwenye mkunjo. Haionekani. Karibu haionekani.

Ijumaa, 5 Juni 2015

Nimeshikwa.

Akika imekwenda vizuri mpaka kwenye kadi. Mbuzi safi, pilau ya Bi Zaitun, majirani wamejaa. Felisiani kaja pia. Kasema kaja kumwona mtoto, lakini kakaa karibu na sufuria. Binti kanyolewa hakulia hata kidogo. Sheikh Shamsi akasoma dua. Bi Zaitun akatoa jina: Firdausi. Ni jina zuri, siwezi kukataa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshauriwa.

Mwalimu Abdalah ana mwandiko mzuri, akaombwa aandike. Mwamvua akatoa kadi, akaikunjua. Mwanga wa dirisha ukapita pale juu ukaangukia kanzu ya sheikh, duara dogo la jua.

Sebule yote ikatazama lile duara.

Mwamvua kaingia chumbani. Karudi na kadi nyingine, ya Hamis, ya mwaka 2012. Nilikuwa nimesahau! Mwaka ule nao niliandika kabla ya akika, na Bi Zaitun alipobadilisha jina nikakwangua usiku, nikasema ni panya. Kazishika kadi zote mbili juu, moja kila mkono, mbele ya dirisha. Matundu mawili. Mahali palepale.

“Baba Hamis,” kasema, sauti ya chini kabisa, “panya huyu anajua kusoma.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema kadi za siku hizi karatasi yake nyepesi. Mwalimu Abdalah akaangalia chini. Mwenzangu wa fulana ya kijani! Hata yeye.

“Nilijua ulivyorudi kutoka Makere,” Mwamvua kaendelea. “Nilijua amekuambia. Nikangoja uniambie. Ungeniambia ukweli jana asubuhi, ningekuacha umwite hilo, liwe jina lake la nyumbani. Mimi mwenyewe ningemwita.”

Jina lilikuwa mkononi! Bila wino, bila wembe, kwa neno moja la kweli tu.

Halafu akatoa hukumu. Kasema mwenzangu wa Makere watamfungia miaka minane, lakini yeye hana muda wa kuhesabu miaka. Mimi nimefungiwa maisha. Sitampa jina mtoto yeyote wa nyumba hii, huyu wala atakayekuja. Nikauliza kama kuna rufaa. Bi Zaitun kasema rufaa zinasikilizwa Ujiji, na yeye ndiye anayezisikiliza.

Sheikh Shamsi akasema amina. Sina hakika alikuwa anajibu nini.

Abdalah akaandika Firdausi pembeni ya tundu. Watu wakala. Felisiani kala sahani mbili, na alipoaga kaniambia pole kwa upole wa kweli, jambo ambalo sitamsamehe.

Jumamosi, 6 Juni 2015

Nimelala, nimeamka, nimefikiri. Mambo si mabaya.

Kwanza adhabu. Niyitegeka, bingwa wa milima, mtu aliyeihangaisha Ulaya, wanasema atapata miaka minane. Mimi nimepata maisha! Hawafungii maisha mtu wa kawaida. Mwendeshaji wa Felisiani hawezi kufungiwa hata wiki. Nilikwenda sokoni kifua mbele, nikamweleza Felisiani hilo mapema kabla hajafungua mdomo. Alishika spana yake muda mrefu akinitazama.

Umoja tumebaki watano. Watano wa kweli. Esteri si mmojawapo, nilimpelekea salamu, kaniuzia hindi bila kuniangalia. Nitampa muda. Nilitaka kumwambia kuwa maji yake yalikuwa mazuri, nikashindwa, nikamwambia hindi ni zuri.

Niyitegeka nimemwandikia ujumbe kwamba duka langu liko wazi kwake siku zote, na mnyororo upo. Kajibu asante kaka. Maneno mawili, lakini kutoka kwake.

Saa nne Bi Zaitun kaenda sokoni. Mwamvua kaingia kuoga. Nikaachiwa Firdausi. Mara ya kwanza tumebaki wawili tu, mimi naye! Kichwa kimenyolewa kinang'aa. Mapaja yale. Alikuwa anapiga mateke chini ya khanga, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mwendo wa kupanda kilima kabisa. Macho yangu yakajaa machozi, sioni aibu kuandika.

Nikatazama mlango. Maji yalikuwa yanamwagika bado. Nikainama kwenye sikio lake la kulia, nikamwita polepole ili nisimshtue. Niyitegeka. Akaacha kupiga mateke. Akafumbua jicho moja, akanitazama. Hakukataa. Nikarudia kwenye sikio la kushoto ili asijisikie kuegemea upande.

Mwamvua katokea mlangoni anajifuta uso. Kauliza namwambia nini mtoto. Nikasema dua. Kauliza ipi. Nikasema ile fupi. Kanitazama, akamtazama mtoto, akachukua kitana akaondoka.

Hakuna alichopata! Nimewaza leo yote na nina hakika. Kosa langu mara mbili zote lilikuwa kuandika. Kadi inaonyesha, karatasi inatoboka. Sikioni hakuna tundu, hakuna maabara wala dirisha litakaloona. Nitamwita kila asubuhi maji yakianza kumwagika, na safari hii hawanishiki, maana sijaandika neno hata moja mahali popote.